Maduhu Bujiku na Injini Isiyokuwa na Kosa

Tarehe 30 Juni 1939 Maduhu Bujiku anastaafu, baada ya miaka kumi na minane katika karakana yetu ya Shinyanga. Alianza kwa kuziba pancha za malori ya pamba. Mwaka 1933, ndege ndogo ilipoanza kupeleka barua na vipuri kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, yeye ndiye aliyekabidhiwa injini yake.

Aliifungua kila ilipotimiza saa zake za kuruka, hata ikiwa nzima. Dereva Makoye alimtania kwamba anampasua mtu asiyeumwa, wakati lori lake halijafunguliwa tangu mwaka juzi na bado linakwenda. Maduhu alimjibu bila kuinua kichwa: “Likizima, Makoye, unashuka unasukuma. Huko juu utashuka usukume nini?” Akamwonyesha plagi mbili za kuwashia petroli kwenye kila silinda, moja ikifa, nyingine inaendelea. Lori lina moja tu.

Machi 1935 injini hiyo ilizima mara tu baada ya kuruka. Ndege ikaangukia shamba la pamba, rubani akavunjika mguu. Maduhu akalaumiwa, akarudishwa kwenye malori, asiguse ndege tena. Mjini ikasemwa kuwa injini za ndege haziaminiki kama za magari, wala fundi wake.

Mimi Hatibu, karani wa stoo wakati huo, ndiye niliyejaza mafuta asubuhi ile. Maduhu alikuwa ametufundisha kuchuja petroli ya ndege kwa ngozi laini, ili maji yabaki kwenye ngozi. Pipa lilikuwa limenyeshewa tangu jana yake. Rubani alikuwa na haraka, nami nikamimina moja kwa moja, kama tulivyozoea kwa malori. Lori likinywa maji kidogo hukohoa, dereva akashuka, akasafisha, akaendelea. Lakini hata plagi mbili haziwashi maji.

Nilijua kosa langu kabla hatujamfikia rubani. Wiki iliyofuata Maduhu aliniuliza, “Bwana Hatibu, ulichuja?” Nikasema nilichuja. Hakuuliza tena.

Sasa ugonjwa wa kifua haunipi muda mrefu. Cheti chake cha kustaafu kimeandikwa fundi wa malori. Nimemwomba meneja kiandikwe upya, fundi wa injini za ndege, na wasifu huu usomwe mbele ya wote, Makoye akiwapo.

Ahsante, Maduhu, kwa kazi safi. Nenda kwenu Songwa kwa amani, ng’ombe wako wanenepe, na atakayekuuliza habari za ndege ile, mtajie jina langu.