Risala ya Wasiojua Muziki Unaishia Wapi

Mgeni rasmi, meneja wa ukumbi, kiongozi wa wapiga muziki, wageni mliokaa, na nyinyi mlioamua kuegemea ukuta: sisi watu wa milango, mifagio na ulinzi wa Ukumbi wa Sanaa wa Jiji tunawasalimu. Tunaomba radhi mapema, maana hatujazoea kusema humu ndani. Sauti zetu zimezoea korido.

UKARIBISHO

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Umekuja, nasi tulikuwa tunaumwa kwa muda sasa. Si ugonjwa wa kulazwa. Ni uchovu tu, ule wa magoti na kiuno, pamoja na mwingine ambao hatujui unakaa wapi mwilini. Kwa ajili yako sakafu hii imepigwa deki mara tatu tangu asubuhi: mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa chafu, mara ya pili kwa sababu msimamizi alitaka ing'ae, mara ya tatu kwa sababu walioleta maua yako walipita na viatu vya matope. Karibu sana, na ukanyage bila wasiwasi.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Tuko kumi na wanne. Watatu ni wa milango, wawili wanalinda vyumba vya picha, na tisa ni wa usafi. Wengi wetu tumeingia hapa tukiwa na nywele nyeusi.

Tunawajua watu wa jiji hili kwa namna ambayo wao hawatujui. Kuna karani mmoja ambaye kila Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, huja kutazama picha moja tu, ile ya mwanamke anayeanika nguo. Akishamaliza anakula mkate wake pale nje kwenye ngazi, anajipangusa, anarudi ofisini. Tumemfungulia mlango kwa miaka sita. Mlinzi wa chumba kile husimama akiwa ameipa picha mgongo, kwa sababu kazi yake ni kutazama watu. Anasema picha ile anaijua kwa kuisoma usoni mwa karani, na kwamba siku moja picha hiyo ilikuwa ya huzuni sana.

Na kuna muziki wa Jumamosi mchana, ambao ndio uliokuleta leo. Hapa tunaomba utuvumilie tueleze kazi zetu zinavyokwenda, maana kila kitu kinatoka hapo. Watu wa milango huacha mlango wazi dakika kumi za mwanzo kwa ajili ya waliochelewa. Zikiisha, mlango unafungwa, na milango ya ukumbi huu ni minene, haipitishi hata kikohozi. Watu wa usafi nao huwa wako chini, vyooni na kwenye korido. Onyesho likikaribia kwisha, mlango wa pembeni hufunguliwa kidogo, wanajipanga pale na mifagio, wakingoja muziki unyamaze waingie. Kwa hiyo watu wa milango wanajua mianzo yote, na watu wa usafi wanajua miisho yote.

Mkuu wa milango, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, tunamwita Baba Mwanzo. Mkuu wa usafi, mama mmoja wa miaka ishirini na sita kazini, tunamwita Mama Mwisho. Hakuna hata mmoja wetu anayeitwa Katikati, kwa sababu katikati hatukuijua.

Kwa miaka mingi, mchana, kwenye stoo ya ndoo, tukiwa tunakula, Baba Mwanzo alikuwa akianza kuimba kwa pua ule wimbo mrefu wa wapiga ala wetu, ambao sisi tunauita Ule Mrefu. Alikwenda mpaka mlango wake unapofungwa, halafu akanyamaza. Mama Mwisho alidakia kuanzia mlango wa pembeni unapofunguliwa. Hapo kati tuliweka ubishi. Mmoja anasema lazima kuna ngoma, mwingine anaapa kuna filimbi peke yake. Tumebishana hivyo miaka mingi, na chakula kimepoa mara nyingi.

MAFANIKIO

Katika miaka yote hiyo hakuna picha iliyoibiwa, hakuna mtoto aliyepotea, na mwavuli uliosahaulika humu haujawahi kukosa mwenyewe zaidi ya wiki. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Aliyesema hivyo hakuwa na matambara yetu, maana sisi tunayazoa kila siku.

Mafanikio mengine hatukuyakumbuka wakati wa kuandika.

CHANGAMOTO

Msimamizi wetu aliipitia risala hii akatushauri tupunguze changamoto. Tumezipunguza. Zilikuwa tisa, tumebakiza moja.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumamosi moja, mvua ilinyesha ikakataza watu kutoka majumbani. Ukumbi ulikuwa mtupu, na watu wa televisheni walikuwa wameshasimika kamera. Meneja wa wakati ule alishuka mwenyewe mpaka kwenye stoo, akatuambia tuvue makoti ya kazi tukajaze safu mbili za mbele. Maelekezo yalikuwa mafupi: tukae, tunyamaze, tupige makofi wenzetu wakipiga.

Mama Mwisho alikaa kiti cha tatu kutoka kushoto. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti kile, japo alikuwa ameshakipangusa mara zisizo na idadi, na alishangaa kuona ni laini kiasi kile. Hakujua aiweke wapi mikono. Ule Mrefu ukaanza. Mwanzo ukampita, aliujua kutoka kwa Baba Mwanzo. Kisha mlango ukafungwa, naye, kwa mara ya kwanza, akawa upande wa ndani. Anasema moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayefungua barua ya mwenzake.

Akasikiliza. Muziki ukapanda, ukashuka, ukazidi kushuka, na mara ukanyamaza kabisa.

Mgeni rasmi, kwa mtu wa usafi ukimya una maana moja tu. Onyesho limekwisha, kazi imeanza. Miguu ya Mama Mwisho haikumwuliza. Ilisimama. Akakaza kitambaa chake cha kichwa, akainama kutafuta ufagio chini ya kiti. Sisi tulimwona mkuu wetu amesimama, nasi tukasimama, safu mbili nzima. Mmoja wetu alikuwa ameshaokota ganda la peremende. Ndipo tukaona kwamba kule jukwaani wapiga ala bado wameinua mikono, hawapumui, na kiongozi wao ametugeukia. Haukuwa mwisho. Ulikuwa ni muziki vilevile, ila umenyamaza.

Watu wachache waliokuwa nyuma walicheka. Kiongozi alishusha mkono, na Ule Mrefu haukuendelea siku ile. Tulipotoka, msimamizi alitwambia mzoea punda hapandi farasi.

Jumatatu waraka ulibandikwa kwenye mlango wa stoo, na uko pale mpaka leo, umebadilika rangi. Unasema wafanyakazi wa milango, usafi na ulinzi hawaruhusiwi kukaa ukumbini wakati wa onyesho, wawe kazini au la, kwa sababu hawajui muziki unaishia wapi.

Tumeusoma kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Kinachotuchosha si katazo. Ni hayo maneno ya mwisho. Jamani, mwisho ndicho kitu pekee tunachokijua.

Mama Mwisho ndiye aliyeubeba mzigo ule kuliko sote. Alituomba msamaha mmoja mmoja, na tulipomwambia hakuna kosa alikataa. Akaacha kudakia wimbo. Baba Mwanzo alipokuwa akifika pale mlango unapofungwa, sote tulikuwa tukitazama sahani zetu.

Sasa anastaafu mwisho wa mwezi huu. Miezi miwili iliyopita mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka minane, alimsikia jikoni akiuimba ule mwisho, akamwuliza unaanzaje na katikati unakwendaje. Bibi akamwimbia mwanzo alioazima kwa Baba Mwanzo. Katikati akakwama. Mtoto akamwambia basi twende tukausikie. Kwa mtoto mambo huwa rahisi.

Basi akaomba ruhusa ya siku moja, akakata tiketi mbili kwenye dirisha kama mtu mwingine yeyote, akavaa gauni lake la harusi za watu, akampaka mjukuu mafuta, wakaja. Jirani mmoja naye alikuwa anakuja, wakaongozana. Mlangoni alisimama Baba Mwanzo, na pembeni yake msimamizi. Baba Mwanzo alichana tiketi ya jirani, akachana tiketi ya mtoto. Ya tatu aliishika. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu, tuliokuwa karibu tuliona.

"Nisamehe, dada," alimwambia. "Wewe unaujua waraka."

"Naujua," alisema Mama Mwisho. "Muingize mtoto, mlango usije ukafungwa."

Akakaa kwenye ngazi za nje, pale karani anapokulia mkate wake, na gauni lake lile, mpaka onyesho likaisha. Sisi tulikuwa zamu. Tulipita karibu naye na ndoo zetu, na hatukuweza kumsemesha. Tunaona aibu mpaka leo.

Mtoto alipotoka alimshika bibi mkono. Bibi akamwuliza katikati kuna nini, ngoma au filimbi. Mtoto akatikisa kichwa.

"Hakuna kitu, Bibi," akasema. "Wananyamaza. Watu wote tulikuwa tunangoja. Halafu wanaendelea, na hapo ndipo pazuri."

Siku ya pili Mama Mwisho alitusimulia hayo kwenye stoo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hatukubishana. Ukimya ule ule uliomsimamisha ndio uliokuwa katikati yenyewe. Alikuwa ameifikia, amekaa ndani yake kabisa, akadhani ni mwisho akainuka. Kile kizuri kinachofuata, hapo alipoishia mtoto, hakuna kati yetu anayekijua. Tangu siku ya ngazi Baba Mwanzo haimbi tena. Stoo imekuwa mahali pa kulia chakula tu.

MAOMBI

Kawaida hapa huwekwa orodha. Sisi tuna ombi moja, nalo halihitaji bajeti.

Ratiba ya leo inasema hivi: kundi la wapiga ala litaanza na vipande vifupi, ambavyo tumevisikia tukiwa tumesimama mlangoni, kisha risala yetu, kisha hotuba yako ya dakika ishirini, kisha wafanyakazi watoke kwa mlango wa nyuma, kisha Ule Mrefu. Umeona, mgeni rasmi, kwamba leo tumewekwa katikati. Tumeingia ndani katikati ya onyesho, na tumekuta katikati ni sisi wenyewe tunasoma karatasi. Tumecheka kidogo, hatukuwa na nguvu za kucheka sana.

Tunaomba mstari ule wa kutoka ufutwe. Kule nyuma, safu ya mwisho, kuna viti kumi na vinne ambavyo havina mtu. Tunajua havina mtu kwa sababu sisi ndio tuliovipanga. Tukae hapo mpaka Ule Mrefu uishe. Na kama muda hautoshi, tunakuomba, kwa heshima zote unazostahili, uchukue dakika zako za hotuba uwape wapiga ala. Miaka kumi na mmoja tumengoja majibu. Leo hata usipotujibu hatutalalamika.

Tunajua utauliza, na ni haki kuuliza: tukisimama tena? Tumelifikiria hilo. Mifagio yote, ndoo zote na matambara yote tumeyafungia stoo asubuhi hii. Ufunguo ni mmoja, na umo ndani ya bahasha ya risala hii utakayokabidhiwa sasa hivi. Ukae nao. Ukimya ukifika na miguu ikaanza mambo yake, haitakuwa na ufagio wa kuufuata.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, huenda umekuwa ukimtafuta Mama Mwisho kwa macho tangu tulipomtaja. Usihangaike. Wenzake walisema asiyekuwepo na lake halipo, wakampa yeye karatasi hii aisome, na amekuwa akijitaja kama mtu mwingine kwa sababu vinginevyo sauti isingefika mpaka hapa. Gauni ni lile lile. Mjukuu wake yuko kule nyuma, safu ya mwisho, amewekea mkono kiti kilicho karibu naye, na kila anayetaka kukikalia anaambiwa kina mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe magoti yasiyochoka, akufikishe nyumbani kwako salama. Awabariki wapiga ala, mikono yao isitetemeke hapo watakapoinyanyua na kungoja. Na ukimya ukifika, tunakuomba usigeuke kututazama. Tutakuwa tumekaa.

Ni sisi,
Watu wa milango, mifagio na ulinzi,
Ukumbi wa Sanaa wa Jiji.