Fidele Mbonimpa na Migomba ya Nyuma ya Wodi

Tarehe 30 Juni 1998 Bwana Fidele Mbonimpa atakabidhi jembe, ndoo mbili na ufunguo wa stoo, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwa mhudumu wa kituo chetu cha afya hapa Nyakatuntu. Kamati ya sherehe ilimwomba aeleze kwa kifupi jinsi alivyoipenda kazi yake. Alieleza kwa saa nzima kazi alizofanya kabla ya hii. Kwa tunaomfahamu, hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Hakuna aliyewahi kulalamika mbele ya Fidele akamaliza. Muuguzi akisema zamu imemchosha, Fidele humwuliza kama amewahi kukanyaga ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Yeye alikanyaga kule kwao Bugomora, msimu mzima, miguu ndani ya ndizi mbivu na nyuki wakimsaidia. Tajiri wake alimlipa kwa rubisi, na Fidele ni mlokole. Baadaye akaingia mgodi wa bati, maji ya magotini kutwa nzima, chini ya msimamizi aliyeamini kwamba mtu akipiga chafya amechukua mapumziko. Kisha akaenda Murongo kubeba magunia ya wafanyabiashara wa mpakani, kazi anayoisifu kwa jambo moja tu, kwamba haikuwa na nyuki. Mwishoni mwa 1978 vita vikaanza, mpaka ukafungwa, na Fidele ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeachishwa kazi na jeshi la nchi nyingine.

Alipoajiriwa hapa mwaka uliofuata, alimwuliza matroni wetu, Mama Kokugonza, kama ni kweli atafanya kazi ndani ya nyumba isiyovuja. Akaambiwa ndiyo. Akauliza kama sabuni ya kupigia deki atanunua mwenyewe. Akaambiwa hapana. Akapewa chumba hapa kituoni, mkewe Therese Mukandekezi akabaki Bugomora na watoto na shamba, na tangu hapo ameamka kabla yetu sote kila siku ya kazi. Ametuudhi sana kwa hilo.

Sasa niseme la mwaka 1984. Wodi ya wazazi ilikuwa tupu. Vitanda vilitandikwa, na sisi wakunga tulikaa tukisuka vikapu, nami nikiwa mmoja wao. Akina mama walijifungulia nyumbani, na habari za baadhi yao zilitufikia msibani. Wakubwa wakasema wodi isipopata wazazi hadi mwisho wa mwaka itafungwa, na wahudumu watapunguzwa kwa kuanzia na Fidele. Fidele aliogopa, wala hakuficha. Alisema anausikia mgodi ukimwita kwa jina.

Yeye na Mama Kokugonza wakaenda kuuliza majumbani. Kila nyumba ilisema neno lile lile. Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa chini ya mgomba wa nyumbani, na ndizi za mgomba huo huliwa na watu wa ukoo wake tu. Sisi tulikuwa tukilitupa shimoni. Bibi mmoja, Kokwijuka, aliuliza kwa upole kabisa kama na sisi wenyewe tulitupwa. Wengi wetu tumezaliwa huku huku, na mambo hayo tuliyajua vizuri. Tulidhani tu kwamba ukivaa gauni jeupe unatakiwa uyasahau.

Fidele akaomba kipande cha ardhi nyuma ya wodi, akalima, akapanda machipukizi ya migomba. Ikatangazwa kanisani kwamba kila mtoto atakayezaliwa kwetu atakuwa na mgomba wake, na bibi yake atasimama kushuhudia. Watu walisikiliza vizuri, wakaendelea kujifungulia nyumbani. Walisema Fidele aanze na mke wake.

Therese alikuwa na mimba ya tano, na wanne wa kwanza aliwazaa nyumbani bila kumsumbua mtu. Alimwambia mumewe kwamba yeye si tangazo. Fidele alimbembeleza sana, na hoja yake kubwa ilikuwa ule mgodi. Mwishowe Therese alikubali, akaja siku chache kabla, akimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba anakwenda kumwokolea mtu kibarua.

Mtoto alitoka salama. Kisha damu ikaanza, na haikukoma. Tulimchoma sindano, tukamtundikia maji, tukalikandamiza tumbo kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi. Fidele alikuwa nje na jembe lake. Alikuwa amekwisha kuchimba shimo la kondo, akabaki amesimama hapo analitazama. Kutoka Bugomora hadi hapa ni mwendo wa nusu siku kwa machela, na kama angejifungulia nyumbani Therese asingefika. Sisi tulijua hivyo, na Fidele alijua. Damu ilipokoma tukamwita ndani. Akamkuta mkewe anaomba uji, akakaa chini kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi, akalia mbele yetu sote.

Habari hizo zikafika kila nyumba, na mwaka uliofuata vitanda havikutosha, na migomba nayo ikapata wenyewe. Polikarpi, dereva wa wageni waliokuja kukagua kituo, aliona mkungu mzuri, akaukata, akapika. Hajamaliza kula, Bibi Kokwijuka yuko mlangoni, kwani mgomba ulikuwa wa mjukuu wake. Fidele ndiye aliyeamua. Alisema ndizi zile huliwa na watu wa ukoo tu, Polikarpi amekula, basi Polikarpi ni wa ukoo. Akapewa tarehe ya ubatizo wa mjukuu huyo. Alikuja na kitenge na sukari, na mtoto yule humwita baba mdogo hadi leo.

Wageni wakisifu kwamba Fidele aliokoa wodi, yeye hukataa. Husema alikuwa anaokoa mshahara wake, na kwamba Mungu akamrudishia na mke kwa makosa.

Fidele, tunakushukuru. Therese ametuma salamu kwamba tarehe mosi Julai unaanza kazi nyumbani kwa majaribio, na hana haraka ya kukuthibitisha. Kwa miaka kumi na tisa amekupata mwisho wa juma tu. Sisi tuliokuwa chumbani siku ile tunajua jinsi ilivyobaki kidogo urudi kwenye nyumba isiyo na Therese. Nenda kwake, mzee wetu. Uzee wenu na uwe mrefu, na uwe mtamu.

Dafroza, mkunga, wodi ya wazazi