Riwaya Kumi na Nne, na Moja Iliyobaki Mezani

Marehemu mama yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1963, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi seremala na mkewe, na saa hiyo tumeiandika kama ilivyo kwenye cheti, ingawa bibi yetu alishikilia hadi mwisho kwamba ilikuwa saa tisa na kwamba mkunga alichelewa kutazama saa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi 1980, kisha akasomea uhazili kwa miaka miwili, na Januari 1983 akaajiriwa kuwa mpiga taipu katika kampuni ya bima, alikofanya kazi miaka ishirini na sita kwenye meza iliyotazama ukuta, na ni kwenye meza hiyo, wenzake wakiwa wamekwenda kula mchana, alipoandika riwaya yake ya kwanza nyuma ya karatasi zilizoharibika.

Wachapishaji wawili waliikataa, wa tatu hakujibu, naye akaamua kuitoa mwenyewe, nakala mia tatu, Novemba 1994, akaweka namba ya simu ya ofisini kwenye jalada la nyuma ili wasomaji wampate, lakini tarakimu mbili za mwisho zikapishana, na simu zote zikaenda kwenye karakana ya fundi friji asiyemjua. Fundi huyo alivumilia wiki tatu, akanunua kitabu ili apate la kuwajibu watu, akakisoma chote, kisha akamfuata ofisini na kumwambia, "Dada, mimi natengeneza friji, lakini kutwa naulizwa kama yule nesi alimsamehe mumewe. Niwaambie nini?" Marehemu alimjibu awaambie wasubiri sehemu ya pili, na Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1995, wakafunga ndoa, na fundi huyo ndiye baba yetu, aliyeketi hapa mbele. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1998, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na mwana aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2001.

Tangu kosa lile marehemu hakupeleka tena kitabu kwa mchapaji kabla mtu wa pili hajakisoma, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa baba. Aliandika riwaya kumi na nne, akaziuza kwa mkono wake kwenye saluni, kwenye foleni za kliniki na milangoni mwa maofisi, akichapa chache, zikiisha anachapa tena, na kila Jumamosi aliwapokea waandishi wenzake kwenye meza yetu ya chakula, akiwafundisha kuanza hadithi pale mambo yanapoharibika, kukata sura wanayoipenda wao kuliko msomaji, na kutosubiri mtu awape ruhusa ya kuandika. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alileta riwaya iliyoanza kwa kurasa nne za jua kuchomoza, naye akamuuliza taratibu, "Mwalimu, na huyu mtu wako ataamka saa ngapi?"

Mwaka 2022 macho ya baba yaliingiwa na mtoto wa jicho, na kazi ya kusoma ikamwangukia binti, aliyekuwa amehitimu chuo kikuu. Jumapili, tarehe 5 Mei 2024, marehemu alimkabidhi riwaya ya kumi na tano, kurasa mia mbili na kumi na mbili, na binti, kwa kuogopa asije akapitisha kosa, akasoma na kalamu nyekundu mkononi, sentensi kwa sentensi, wiki baada ya wiki. Marehemu alikuwa akimuuliza amefika wapi, akitajiwa ukurasa anasema, "Sikuulizi ukurasa, mwanangu, nauliza kama inakuvuta," na binti anajibu, "Ngoja nimalize, Mama, nisiseme jambo nusunusu."

Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, marehemu alianza kubanwa na kifua, akalazwa kwa ugonjwa wa moyo. Jumanne, tarehe 16, binti alikwenda wodini na maswali arobaini na moja kwenye daftari, marehemu akayajibu yote, akivuta pumzi kati ya jibu na jibu, kisha naye akauliza lake moja, kwamba kama binti angekuwa msomaji tu, aliyeokota kitabu kwenye foleni, angefunua ukurasa unaofuata? Binti akasema bado kuna tarehe mbili hazilingani, ukurasa wa mia na sitini. "Haya, mwalimu wangu," marehemu akasema, akampapasa mkono, akafumba macho. Jumatano, tarehe 17 Julai, saa nane na dakika kumi mchana, aliaga dunia, hajajibiwa.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliotupikia na kutufagilia, wafanyakazi wenzake wa bima, mchapaji wake wa miaka thelathini, na waandishi wa Jumamosi, ambao wamejaza safu tatu za nyuma.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, kabla wageni hawajafika, binti aliiacha kalamu chumbani, akachukua riwaya, akaketi jikoni karibu na baba na kuanza kumsomea kwa sauti kutoka mwanzo, akizipita alama zake nyekundu kama hazipo, na mahali fulani wakacheka wote wawili, kisha wakaona aibu kucheka. Baba alimwambia apumzike, sauti imekauka, watu wameanza kuingia. Akasema, "Subiri kidogo, Baba, nione kama huyu mtu wa kwenye hadithi atarudi," akafunua ukurasa.

Lala kwa amani, Mama.