Mzee Uledi, Aliyetufanya Tupangiane Meza

Mzee Uledi Kitwana anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa sita, mwaka elfu mbili ishirini na tano, baada ya kuwa msimamizi wa Uchochoro wa Vifungo, hapa Kariakoo, miaka thelathini na miwili. Tarehe kanisomea Joyceline wa ofisini, maana yeye ndo anaandika na mimi ndo nasema. Mimi ni Bi Shukuru, wa chai. Kwanza kazi hii alipewa katibu wa umoja wetu. Akaandika mistari minne, Mzee Uledi akasomewa, akauliza huyo marehemu ni nani. Ndo nikaitwa mimi.

Alikuja mwaka tisini na tatu akitokea bandarini, alikokuwa anabeba magunia mpaka goti likamgomea. Umoja ukampa kiti, meza ndogo, filimbi na daftari. Filimbi aliipuliza sana. Daftari bado lina kurasa nyeupe, ukitaka kuandikia barua unapata. Kazi yake ilikuwa moja: njia isizibe. Uchochoro wetu wauza vifungo, zipu, uzi, lasi, bitana, vyote vya fundi cherehani, na fundi akija anataka kupita, hataki kuruka.

Alivyokuwa anafikiri mtu huyu, sijui nisemeje. Ukimwuliza jambo, hakujibu kwanza. Anakuuliza, "Na yule mwingine atafanyaje?" Zamani tulikuwa tunagombana kuhusu geti la jioni. Aliyebaki wa mwisho ndo alitakiwa afunge, basi ikifika saa kumi na mbili watu wote wanakimbia kwa pamoja kama wameona nyoka, geti linabaki wazi. Mzee Uledi akasema, kuanzia leo anayefunga jioni ni yule aliyechelewa kuja asubuhi. Wee! Wiki ile watu waliwahi mpaka nikaishiwa maandazi saa moja. Nikamwambia Mzee, sheria yako nzuri lakini mimi inanichosha. Akasema basi na wewe wahi.

Lakini siku kubwa ya Mzee Uledi ni ile ya meza, na hiyo nataka iandikwe yote, Joyceline, usinikatie.

Meza inatembea. Asiyefanya biashara hajui. Mteja akiingia uchochoroni anaiona kwanza meza iliyotokeza. Sasa mmoja anasogeza yake vidole viwili. Jirani anaona, naye anasogeza viwili, si kwa ubaya, asifunikwe tu. Wa ng'ambo naye hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi wote tumesogea, hakuna aliyemzidi mwenzie hata kidogo, ila njia imekwisha. Tulikuwa meza arobaini na nane, pande mbili zinatazamana. Ilifika mahali mteja anasimama katikati, mkono wa kushoto anachagua kifungo kwa mmoja, mkono wa kulia anachagua kwa mwingine, na mgongoni kuna mtu anamwomba radhi apite.

Mzee Uledi akachora mstari wa njano chini, asiyevuka ndo muungwana. Baada ya wiki mbili kulikuwa na mistari mitatu ya njano, rangi ile ile, na kila mtu anaapa kwamba wake ndo ule wa Mzee.

Waliozidi ni wawili. Mmoja ni Theophil, wa zipu na bitana, mtu wa Rombo, sisi sote tunamwita Mangi. Wa pili ni Bi Kuruthumu, wa lasi, mzaliwa wa hapa hapa mtaa wa Gerezani, meza yake inatazamana na ya Mangi. Hawakuwa na ugomvi wowote wa maana. Walikuwa wanatazamana tu, na kutazamana kila siku miaka kumi na mmoja ni kazi.

Basi mwaka elfu mbili kumi na sita wakaja watu wa ukaguzi. Wakajaribu kupita, mnene wao akakwama kati ya meza ya uzi na meza ya sindano, akatolewa kwa upande. Hakufurahi. Ikaja barua: hapa moto ukiwaka watu hawatoki. Mna siku kumi na nne. Tutakuja, mkokoteni uliojaa upite kutoka geti hadi geti bila kugusa meza. Ukigusa hata moja, meza zote arobaini na nane ziondoke, uchochoro ufungwe.

Hapo nilikaa chini. Ile chai yangu ndo ilikuwa inalea wajukuu wawili, mama yao alishatangulia. Na meza zikiondoka, msimamizi wa nini? Mzee Uledi alikuwa na miaka hamsini na kitu na goti bovu. Hakuna ambaye angemchukua tena.

Mkutano ukaitwa. Watu wote wakakubali kurudi nyuma, tena kwa makofi. Kesho yake asubuhi kila mtu amekuja, kachungulia kwa mwenzie kwanza, hakuna aliyerudi. Mzee Uledi akamwendea Mangi.

"Mangi, si ulipiga makofi jana?"

"Nilipiga, Mzee. Lakini mimi nirudi, halafu huyu bibie abaki barabarani anadaka wateja wangu? Aanze yeye."

Bi Kuruthumu akasikia. "Nianze mimi? Hilo meza lako refu kama jeneza ndo lianze! Mimi nikirudi nyuma na huu ufupi wangu nitaonekana na nani?"

Na wote wawili walisema kweli, hilo ndo baya lake. Wote tukirudi, wote tunapona. Ukirudi peke yako, umejizika.

Siku nne zikapita. Mzee Uledi akatoa sheria: atakayekutwa kavuka mstari saa moja asubuhi, nafasi yake siku hiyo anapewa wa mbele yake. Tukasema hapo sawa, kila mtu atamlinda mwenzie. Kumbe bwana, kesho yake alfajiri Bi Kuruthumu kaja kabla ya watu wote, akaivuta meza ya Mangi mpaka katikati ya njia, ili akutwe kavuka. Akaenda zake kunawa mikono. Mangi naye kaja kwa geti la pili, hajaangalia hata meza yake, kaivuta ya Bi Kuruthumu. Na wao walikuwa wamejiona wajanja peke yao, lakini uchochoro mzima uliwaza hivyo hivyo. Mzee Uledi anafika saa moja na filimbi yake, anakuta meza arobaini na nane zimekutana katikati, ubavu kwa ubavu, kama meza ya harusi. Paka hapiti. Na kila mtu kasimama ukutani anamnyooshea kidole wa mbele yake: "Kavuka! Mzee, huyu kavuka!"

Hata filimbi hakupuliza. Akaja kwenye benchi langu, nikammiminia chai ya tangawizi, siku ile tangawizi ilikuwa kali kweli, nilinunua kwa yule mtu wa Lushoto ambaye sasa kahamia Mbagala. Chai ikapoa. Anaangalia watu wanavyorudisha meza zao, wanasukuma kwa uvivu, inchi moja wanapumzika. Akaniambia, "Shukuru, umeona? Kuruthumu meza ya mwenzie kaivuta peke yake gizani, na bitana zote juu. Ya kwake inamshinda."

Nikamwambia ndo binadamu, Mzee. Kunywa chai.

Akacheka. Akainuka na goti lake, akasimama juu ya kiti.

"Kuanzia kesho," akasema, "ni marufuku mtu kugusa meza yake mwenyewe. Kila mtu atapanga meza ya mwenzie. Pale utakapomweka ndo atakaa mpaka jioni."

Halafu nikaona Mangi anajikuna kidevu, anatabasamu. "Mahali popote, Mzee?"

"Popote."

"Leo nimepona," Mangi akasema. "Bibie, kesho utauzia ukutani."

"Na wewe nitakupeleka mpaka ndani ya tofali," Bi Kuruthumu akasema. "Mteja akikutaka atapiga hodi."

Kesho yake sijawahi kuona watu wanafanya kazi kwa moyo vile. Kila mtu anasukuma meza ya mwenzie nyuma, nyuma, mpaka inagonga ukuta, halafu anaisukuma tena kwa tumbo ahakikishe. Hakuna aliyemwonea mtu huruma. Wakamaliza, wakageuka kwenda kwenye meza zao, wakakuta na wao wamebanwa ukutani. Ndo wakaanza kupiga kelele. Katikati ya kelele kijana mmoja wa sindano akasema, "Jamani, tazameni chini." Tukatazama. Njia nyeupe, pana, mpaka mistari yote mitatu ya njano inaonekana. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba sakafu yetu ni ya saruji.

Siku ya tatu ujanja ukaanza, maana hawa ni watu wa Kariakoo. Wawili wa uzi wakanong'onezana, niache mbele kidogo na mimi nikuache mbele kidogo. Mzee Uledi akawahi. Akachukua kopo la maziwa, akatia vifungo arobaini na nane, kila meza na kifungo chake. Asubuhi unachovya mkono, kifungo ulichotoa ndo meza unayopanga; ukitoa cha kwako, unarudisha. Unayempanga wewe siye anayekupanga. Utanong'onezana na nani?

Ikafika siku ya kumi na nne. Aaron, msukuma mkokoteni wetu, akapakiwa marobota ya bitana mpaka akawa haonekani, miguu tu. Wakaguzi wanamfuata nyuma na karatasi. Sisi kila mtu kasimama nyuma ya meza yake, mimi nimeshika chupa ya chai kama nimeshika mtoto. Mkokoteni ukapita kwa watu wa uzi. Ukapita kwa sindano. Ukapita kati ya Mangi na Bi Kuruthumu na nafasi ya mbuzi kila upande. Umebaki mwisho, karibu na geti la pili, na hapo nikaiona.

Meza ya Mzee Uledi! Ile yake ndogo, na kiti chake, na yeye mwenyewe kakaa juu yake kanyooka kwa heshima ya wageni, iko njiani, pale pale ilipokaa siku zote. Vifungo arobaini na nane, meza arobaini na nane, ya kwake ya arobaini na tisa haikuwa kwenye kopo. Na kwa sheria yake mwenyewe, haruhusiwi kuigusa. Aaron haoni mbele. Mzee anaona mkokoteni unakuja, anaona meza yake, na mikono kaiweka mapajani. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuisogeza. Akasema, angeisogeza yeye siku ile, kesho yake kila mtu angesogeza yake.

Mangi aliruka meza za watu wawili. Bi Kuruthumu, na ufupi wake, alipita chini. Mmoja akashika meza, mwingine akashika kiti na Mzee Uledi ndani yake, wakavisukuma vyote mpaka ukutani, Mzee akagonga kisogo. Mkokoteni ukapita. Robota la mwisho lilimpapasa kofia.

Yule mkaguzi mnene akauliza, "Mkokoteni umegusa meza?"

"Haujagusa," Bi Kuruthumu akasema, anahema.

"Umegusa kofia," Mangi akasema, maana watu wa Rombo wakianza kusema kweli hawajui kuacha.

Mkaguzi akaangalia karatasi yake, akaigeuza na nyuma. "Kofia haimo," akasema, akasaini.

Mambo mengine aliyoyafanya ni mengi. Alitutafutia maji ya bomba. Alipatanisha ndoa tatu, moja ikavunjika tena lakini hilo si kosa lake. Miaka miwili baadaye akaja mwalimu wa chuo, anaitwa Jacqueline, na wanafunzi wake, wakapima uchochoro kwa futi kamba na kuhesabu vifungo kwenye kopo. Akasema kuna somo zima la uchumi linafundisha haya, kujua mwenzio atafanya nini kabla hujafanya lako, linaitwa nadharia ya michezo. Mzee Uledi akamwambia, mwanangu, siku ile hakuna aliyekuwa anacheza. Lakini alifurahi. Wiki nzima alivaa shati la Idi.

Na kuna jambo moja halimo kwenye somo la Jacqueline. Ukipanga meza ya mtu, unagusa vitu vyake. Unajua nani mali imemwishia, nani mgonjwa leo hajaja. Bi Kuruthumu alipolazwa wiki tatu, meza yake ilipangwa kila siku na aliyetoa kifungo chake, na aliyemwuzia lasi ni Mangi. Aliuza vibaya, hajui lasi, aliita zote nyavu. Lakini aliuza.

Mwezi uliopita umoja ulimpa Mzee likizo ya wiki mbili, atuonjeshe tutakavyokuwa bila yeye. Alikataa, akasema tutasogeza. Akalazimishwa. Siku ya tisa nikamwona kasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya lori la vitenge, kavaa miwani ya jua ya mjukuu wake, anatuchungulia. Nikajifanya sijaona. Kopo likapitishwa, watu wakachovya, wakasukumana ukutani wakitukanana kama kawaida. Aaron akapita na mzigo wake anapiga mluzi. Mzee Uledi alikaa pale muda mrefu. Halafu akavuka, akaja kwenye benchi langu, nikammiminia chai, akainywa ya moto mpaka mwisho, akaenda nyumbani Magomeni. Jioni akampigia simu katibu kwamba amekubali kustaafu.

Mzee Uledi, sisi wa Uchochoro wa Vifungo tunakushukuru, wote arobaini na nane. Mungu akupe afya, goti lipoe, usingizi wa asubuhi uupate sasa. Tunakuombea siku njema kwako Magomeni, na pale kibarazani meza yako iweke kwa mkono wako, mahali popote unapotaka.