Sili Anayemngoja Frederik

Benchi letu ni boriti la gati la zamani lililolazwa juu ya mapipa mawili, ukutani kwa kiwanda cha samaki hapa Lüderitz, mahali upepo unapopita juu ya kichwa chako bila kukugusa. Birika ni langu, maandazi ni yangu, na masikio ni yangu pia. Wateja wa kudumu ni watatu. Petrus tunamwita Nahodha Mkavu, kwa sababu magoti yalimtoa baharini na hajalowa tangu hapo. Hiskia anashona nyavu, naye ni Redio, sina haja ya kueleza. Sakaria, mlinzi wa lango la kiwanda, ni Kipimo, maana kila jambo kwake lina kipimo na vipimo vyote anavitoa kichwani mwake. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelalia maji, na wote watatu walikuwa wamegeuza nyuso upande mmoja, kwenye ngazi ya gati, alipolala sili jike, mnyama wa bahari mwenye mapezi badala ya miguu, sikio moja limechanika, manyoya yamelowa, kichwa juu, anatazama mdomo wa ghuba. Huyo ndiye Mama Mkwe. Jina alipewa na mvuvi Frederik Swartbooi, akidai kwamba hajui kupiga hodi na hakosi wakati wa chakula. Na Frederik mwenyewe, pamoja na mashua yake Rosalina, alikuwa hajarudi kutoka baharini tangu wiki ya juzi.

— Mama Mkwe katoka tena alfajiri, akasema Redio. Kaenda mpaka usawa wa mnara wa taa, kazunguka, karudi. Nimemwona kwa macho yangu haya.

— Macho yako alfajiri yanakuwa bado kwenye mto, akasema Nahodha.

— Muulize Ouma hapa!

Ouma, yaani bibi, ni mimi, wote wananiita hivyo, hata wenye wajukuu. Nikasema kweli, nimemwona. Wavuvi wengine wanawatukana sili, maana hao huvuta samaki snuku kwenye mshipi, wanakuachia kichwa tu kwenye ndoana. Frederik yeye akiingia ghubani alikuwa anamtupia Mama Mkwe vichwa na matumbo, na yule mnyama alikuwa akiisikia Rosalina kabla yetu sisi sote. Ukimwona kajitupa majini, unajua weka chungu jikoni, Frederik anakuja.

— Sili mama anamjua mwanawe kwa sauti, akasema Kipimo. Pale wanapozalia ni maelfu, wanabweka wote kwa pamoja, na uvundo ule mnaujua. Mama anatoka baharini baada ya siku kadhaa, anaita mara moja, mtoto anajibu, wanakutana. Anamnusa, basi. Sasa mtu kama huyo atashindwa injini moja ya dizeli yenye kikohozi?

— Si mtu, Kipimo.

— Nimesema mtu? Nimesema kama.

— Tena zile ndevu zake, akadakia Redio. Samaki akipita, akaenda zake, sili anakuja nyuma anaweka ndevu majini, anaujua mkondo wake. Anaufuata kama wewe unavyofuata harufu ya maandazi. Kwa hiyo njia ya Rosalina bado imo humo majini, na yeye anaisoma.

— Njia ya majini inadumu kiasi cha kupiga chafya, akasema Nahodha. Nimekaa baharini miaka mingi kuliko meno yako.

— Meno ya juu au ya chini?

Tulicheka kidogo, halafu tukaacha wenyewe. Kicheko siku zile kilikuwa kama viatu vya kuazima.

Kwetu, mtu wa bahari akipotea, mchungaji hapigi kengele ya msiba, wala ndugu hawavai nyeusi, mpaka mkewe atamke neno moja, “Basi.” Si mama, si ndugu, ni mke. Vilho, mwenye mashua ile ya kijani, alikuwa ameokota kifuniko cha sanduku la samaki la Rosalina, na wazee wa kanisa walikuwa wakitaka ibada Jumapili. Magrieta, mke wa Frederik, akawajibu kwamba vifuniko huanguka kila siku. Akasema Mama Mkwe akiwa bado anatoka kumpokea Frederik, yeye hatamki kitu.

— Kuna jambo hamlijui, akasema Kipimo. Sili akilala majini, analala nusu. Nusu ya ubongo imelala, nusu iko macho, pezi moja linapiga kasia. Kisha anageuka, nusu nyingine inalala.

— Kama wewe langoni, nikamwambia.

— Ouma, nasema jambo zito! Yule pale hasahau. Hakuna saa ambayo kichwa chote kimelala. Kuna nusu inamkumbuka Frederik muda wote.

Redio akaweka kikombe chini. Nikajua linakuja kubwa.

— Mimi naona hivi. Frederik yuko hai. Injini imemfia, mawimbi yamemtupa kwenye kile kisiwa cha sili kule kusini. Wale wenzake Mama Mkwe wamemzunguka, wanampa joto usiku. Samaki wanamletea. Mama Mkwe kila alfajiri anaenda kupokea habari zake, anarudi.

Nahodha akamgeukia.

— Redio. Hilo umemwambia Magrieta?

Redio akashika kikombe chake tena, kitupu.

— Nakuuliza. Umempelekea?

— Nilipita tu jana. Nilimkuta amekaa na chakula kimepoa. Nikamwambia. Akala, Nahodha. Akala sahani nzima mbele yangu. Wewe na kengele yako mngemlisha?

Nikasogeza sahani ya maandazi katikati yao.

— Na mama yake Frederik? akasema Nahodha, sauti imeshuka. Yule mzee ana nguo nyeusi zimekunjwa mapajani tangu Vilho alete kifuniko. Hawezi kuzivaa, hawezi kuzirudisha sandukuni. Anamwogopa mkwewe. Wewe unamlisha mmoja, mwingine anakauka.

— Sikusema kwa ubaya.

— Najua. Ndiyo maana sijakupiga.

Nilikuwa ninawamiminia tena niliposikia maji. Mama Mkwe hayupo ngazini. Kajitupa, anaelekea mdomo wa ghuba, mgongo unatokeza na kuzama. Kipimo alisimama. Redio akasimama. Nahodha magoti yakamkatalia, akanishika mkono nimwinue.

Magrieta alikuwa amefika. Sijui alitokea wapi, pengine nyumbani kwake juu ya mwamba alikuwa anatazama kama sisi. Alikuwa na aproni, mikono ina unga. Alisimama pembeni ya benchi letu, ambalo hajawahi kulisogelea, akasikiliza.

Injini ilisikika ndani ya ukungu, polepole. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ikatokeza mashua ya kijani. Vilho.

Na ubavuni mwake, kichwa juu, mdomo wazi, Mama Mkwe. Kijana wa Vilho akatupa kichwa cha snuku. Akakidaka hewani, akakitikisa, akameza. Akatupiwa kingine. Mashua ikakata kushoto kwenda kituo chake, mbali na cha Rosalina, naye akakata kushoto. Ilipofungwa kamba, alipanda pale pale kwenye ngazi ya Vilho kwa mapezi yake ya mbele, akajinyoosha, akatulia, anaitazama ndoo.

— Labda, akaanza Redio, labda anataka tu kumuuliza Vilho kama...

Nahodha akamwekea mkono begani.

Magrieta hakulia. Alikuwa anapangusa unga kwenye vidole, kimoja kimoja, kwa ncha ya aproni. Vilho kule alimwona, akavua kofia, akabaki ameishika.

— Basi, akasema Magrieta.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu anayekumiminia kahawa. Halafu akatugeukia.

— Wajomba, viti vya kanisani vitatosha Jumapili, au niombe na vya kiwandani?

Swali la viti, jamani. Nilimtazama Kipimo, nikamtazama Redio, nikamtazama Nahodha aliyekuwa bado ananiegemea. Na mimi mwenyewe, ninayejua ni nani atakuja na nani atasusa katika kila msiba wa mji huu, nikaanza kuwahesabu kwa vidole, hesabu ikanipotea.

Yeye akakaza kitambaa chake kichwani, akashuka njia ya kwa mama yake Frederik.