Fundi Paa na Chupa Nilizompelekea

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, mama amenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wote mlimwita Fundi Paa, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa mama, mimi nikamfuata baada ya miaka miwili, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1989, akirudia darasa mara mbili mpaka tukaketi dawati moja, ambapo mimi nilishika namba ya kwanza na yeye akapendwa na darasa zima.

Mwaka 1995 alianza kazi ya kuezeka, na tarehe 7 Septemba 2002 akamwoa mshonaji ambaye, niseme ukweli, mimi ndiye niliyeanza kumsalimia, wakajaliwa mabinti wawili.

Pombe alianza kuinywa baada ya kazi, kisha kabla ya kupanda, na asubuhi ya tarehe 9 Juni 2011, akiwa ameshakunywa, aliteleza juu ya paa la ukumbi, akaanguka, mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo ikakatika, na miguu hakuisikia tena.

Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni, mama na shemeji wakawa hawabanduki, wageni wakija wananipita mlangoni, na mimi nisiyewahi kuonja pombe nikamwonea wivu mtu asiyeweza kusimama. Alimeza vidonge vya maumivu kupita alivyoandikiwa, kisha akatamani chupa, na kwa miezi minne nilimpelekea mimi, nikiificha ndani ya koti, kwa sababu saa hiyo alinihitaji mimi peke yangu. Akilewa alisahau kujiinua mara kwa mara kwenye kiti chake cha magurudumu, na kwa kuwa hakusikia maumivu, makalio yakachimbika vidonda.

Siku niliyoviona vidonda hivyo nililia, naye akaniambia, "Mdogo wangu, usilete tena. Njoo mikono mitupu, nitakufurahia vilevile."

Aliacha pombe tarehe 3 Januari 2017, akawa anawatembelea majeruhi wenzake wodini kwa kiti chake, wakampenda kuliko nilivyoweza kuvumilia, lakini kidonda kimoja cha miezi ile ya chupa hakikupona, sumu ikaingia kwenye damu, akafariki hospitalini tarehe 21 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, nami nikiwa upande wa miguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba hadi garini, na mafundi mliomjengea njia ya kiti mlangoni. Shemeji, ulijua habari za chupa na hukunisema kwa mtu, nakuomba radhi mbele ya hawa wote.

Kaka, pumzika kwa amani, wanaokulilia ni wengi, nami leo ni mmoja wao tu.