Kikombe cha Boniface, Mwaka wa 1953

Hapana, Mwenyekiti Kamau, sumuni haifutwi, na usinivute koti mbele za watu, jana kwenye kamati ulisema senti hamsini za mwaka 1953 si jambo la kusomwa mbele ya jeneza, nami nikakwambia historia ya mtu haikatwi kama suruali. Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, darasani sikukaa, kusoma nilijifundisha mwenyewe, na nitasoma yote niliyoandika.

Marehemu Boniface Mwakio Maghanga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1943 huko Mwatate, Taita, kifungua mimba wa mzee Maghanga na mama Mkawasi, akaanza shule ya misheni Januari 1951. Mwaka 1953 aliuita mwaka wake, maana dunia nzima ilitikisika, kiongozi wa Warusi akafa, watu wawili wakafika kilele cha Everest, vita vya Korea vikasimama, kwetu hali ya hatari imetanda, na tarehe 2 Juni malkia akavikwa taji kule London, ndipo kila mwanafunzi aliyeleta sumuni akaandikiwa kikombe chenye picha ya malkia. Mama aliuza kuku ili sumuni ipatikane, naye Boniface akamwahidi kwamba atakayekinywea chai wa kwanza ni yeye mama, lakini siku ya kugawa marehemu alikuwa kitandani na surua, kikombe chake kikachukuliwa na mwenzake wa darasani, Celestine, ampelekee, aliyerudi akisema kimevunjika njiani. Mama alifariki Novemba mwaka huohuo, hajakinywea.

Mwaka 1962 aliajiriwa fundi wa reli pale Voi, tarehe 20 Aprili 1968 akafunga ndoa na marehemu Wakesho, wakajaliwa Matumaini na Righa. Wakesho alitutoka mwaka 1996, na mwaka uliofuata Boniface akamfuata Matumaini hapa ughaibuni, Arlington, akafanya kazi kwenye ghala kule Grand Prairie.

Desemba 1999 alialikwa chai Pearland, nyumbani kwa Bi. Celestine, mjane mwenzake, na kumbe kabatini mna vikombe viwili vya malkia, vizima, hata ufa hakuna. “Mwizi wewe!” alipaaza sauti hadi jirani akachungulia, naye Bi. Celestine akasema, “Nilikuwa na dada mdogo, Boni, hakuwa na sumuni, akalia.” Alipokidai, akajibiwa, “Ukikichukua, utakuja kufuata nini tena?” Tangu hapo kila sikukuu kaka yangu aliendesha gari hadi Pearland kudai kikombe, akarudi mikono mitupu, ameshiba chai, na wajukuu wamenasa maneno yake ya huko, “Mwizi wewe, ongeza sukari.”

Mwaka 2005 figo zilianza kumsumbua, akafariki Jumapili, tarehe 11 Machi 2007, akiwa ameniagiza jambo moja, kwamba azikwe Mwatate kando ya mama, na asiende mikono mitupu.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliotupikia, wenzake wa ghalani, na kamati iliyochanga nauli ya mwili, hata wewe Kamau.

Safari njema, kaka, ukalale kwa utulivu ubavuni pa mama.

Jeneza linafungwa sasa hivi. Bi. Celestine, kimo mkobani mwako, nimekiona ulipokuwa ukitafuta leso. Lete kikombe.